Nimerithi kilabu cha mbege cha mama: niingize bia au nibaki na kata?

Mrithi_wa_Kilabu
Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Mama alitangulia mbele za haki mwezi wa pili. Ameniachia kilabu cha mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, huku Marangu, Kilimanjaro: banda la mabati, mabenchi yaliyong'aa kwa kukaliwa, mapipa matatu na daftari la madeni lenye majina ya nusu ya kijiji. Nilikuwa Dar naendesha bajaji, sasa nimerudi.

Kupika naweza, nimekulia humo. Ndizi unavundika mpaka ziive, unachemsha kutwa nzima hadi zigeuke rangi ya udongo mwekundu, unaacha zichachuke, unachuja. Ulezi unauotesha, unausaga, unapika uji wake na kutia gome la msesewa, ndipo vinakutana. Kazi ya siku nyingi, halafu ikishaiva una siku mbili, tatu ukibahatika. Baada ya hapo ni siki.

Faida ni kiduchu. Shemeji ananiambia weka friji, kreti za bia, runinga ya mpira, meza ya pool. Bodaboda nao wimbo wao ni huo huo. Kuna mwingine kanivuta pembeni, eti awe ananiletea piwa, yaani gongo, kwenye chupa za maji niuze chini kwa chini.

Sasa sikilizeni kilichonikwamisha. Jumamosi iliyopita kilabuni walikuwepo ndugu wawili wa tumbo moja, hawasemeshani mwaka wa nne kwa ajili ya mpaka wa kihamba, shamba la ukoo la migomba. Mdogo kaingia kashika jani la isale, ambalo kwetu Wachaga ni la kuombea msamaha. Hakusema neno, kaliweka kwenye benchi mbele ya kaka yake. Banda zima kimya, inasikika redio ya mtu mfukoni tu. Yule kaka kalitazama lile jani mpaka nikajua anaondoka. Kisha kanyanyua kata, kibuyu chetu cha kunywea mbege, kapiga funda, kampa mdogo wake.

Nikajiuliza, haya yangetokea kwenye meza ya pool? Ila ada ya shule hailipwi kwa masale. Nawasilisha.

Kibo_Kaskazi
Pole na msiba mkuu. Weka friji. Huruma hainunui saruji.

Binti_wa_Kihambani
Pole sana kaka. Usikimbilie. Baba yangu mdogo alifanya hivyo hivyo kule Kibosho. Miezi ya mwanzo hela ilionekana kweli. Lakini bia kila mtu na chupa yake: watu wanne mezani, chupa nne, macho yote kwenye runinga. Wazee hawakugombana naye, walihama tu taratibu, wakahamia uani kwa bibi mmoja jirani aliyekuwa anapika mbege kidogo kidogo. Wazee wakihama, na vikao vya ukoo vinahama, na wanaokuja kuagiza pombe ya mahari wanahama.

Halafu piga hesabu hii: kreti unainunua kwa fedha taslimu kabla hujauza hata chupa moja. Kwenye mbege unanunua ulezi na kuni, ndizi unazo kihambani. Baba mdogo alikuja kuelewa hilo friji likiwa limeshaharibika.

Kibo_Kaskazi
Baba yako mdogo alikosa usimamizi, bia haina kosa.

Binti_wa_Kihambani
Haya, wewe lete kreti, mimi nilete kata, tuone wazee watakaa kwa nani.

Mtogwa_Iringa
Huku kwetu Iringa ulanzi unatoka msimu wa mvua tu. Unakata ncha ya mwanzi mchanga, unakinga, asubuhi na jioni unarudi kukata tena. Asubuhi ni mtogwa, mtamu hata mtoto anaweza kuonja. Ukilala unakuwa mwingine kabisa. Hakuna anayeulazimisha uwepo mwaka mzima. Mvua zikikata, kilabu kinauza komoni, pombe ya nafaka, au kinafungwa watu wakalime. Ndugu, huenda tatizo lako ni kutaka mapipa matatu yajae kila siku.

Mstaafu_Halmashauri
Kijana, hilo la piwa lisiingie hata kwenye hesabu. Kuuza gongo ni kosa, na mtu akipofuka au akifa ni kwenye banda lako. Tangu viroba, zile pombe kali za vifuko, vipigwe marufuku Machi 2017, hao wa vikali vya bei chee wanatafuta milango kama yako. La pili, leseni ya pombe ya kienyeji siyo leseni ya baa. Sheria ya Vileo ni ya mwaka 1968 na bado inauma. Kabla ya kununua friji, pita kwa afisa biashara umuulize ada na saa za kufungua. Na jenga choo kizuri. Bwana afya huanzia chooni.

Mama_Mpishi
Mwanangu pole, mama yako alifanya kazi. Mimi nimepika mbege toka nimeolewa. Usipike mapipa yote kwa pamoja. Pipa moja liive siku ya soko, la pili Jumamosi, la tatu libaki la oda. Hela haipo kwenye benchi, ipo kwenye oda: mahari, harusi, ubatizo, na Desemba watu wakipanda kutoka Dar na Arusha. Oda chukua nusu mkononi kabla hujavundika ndizi. Na msesewa usizidishe, vijana wanakimbia uchungu halafu mnasema wanapenda bia.

Mrithi_wa_Kilabu
Aika sana, nimewasoma wote. Wa piwa nimeshamjibu hapana. Friji nitaweka dogo la soda na maji, maana akina mama wakitoka sokoni wanapita na watoto. Runinga bado naitafakari, msinicheke.

Limebaki moja. Kwenye daftari la mama kuna mzee ana ukurasa mzima, naye amefariki. Wanawe wanakuja Krismasi, wana uwezo. Niwadai?

Kibo_Kaskazi
Dai. Deni ni deni.

Mama_Mpishi
Usidai. Wakifika wape kata ya kwanza, waambie hapo ndipo baba yao alipokuwa anakaa. Daftari liache wazi mezani.