Baba kaacha shotgun nyumbani Kilosa, mimi niko Kibamba nimeshavamiwa mara mbili. Naweza kuileta Dar?

mwana_wa_Kilosa

Wakuu habari za jioni. Naomba mnisaidie manake hili jambo linanikosesha usingizi na sina mtu wa kumuuliza bila kuogopa.

Mzee wetu amefariki mwezi wa pili mwaka huu. Alikuwa mkulima kule Kilosa na alikuwa na shotgun ya mitutu miwili, ile ya kukunja, aliimiliki kihalali kabisa toka sisi tuko shule ya msingi. Alikuwa anaitumia kufukuzia nguruwe pori na ngedere shambani, na zamani akipata kibali anaenda kupiga kanga. Hata ule uhakiki wa silaha wa nchi nzima mwaka 2016 aliibeba mwenyewe akaenda kuihakiki, karatasi zake zote zipo kwenye bahasha. Sasa bunduki iko chumbani kwa mama, ndani ya kabati la nguo, pamoja na risasi kama kumi na kitu hivi.

Mimi naishi Kibamba, nina mke na watoto wawili, mmoja ana miaka 9 mwingine 4. Nimevamiwa mara mbili ndani ya miaka mitatu. Mara ya kwanza walikata grili wakachukua tv na mtungi wa gesi tukiwa tumelala. Mara ya pili walikuja na mapanga, walikuwa watano, mke wangu alikatwa mkono akijikinga na mpaka leo vidole viwili havikunji vizuri. Nilisimama pale kwenye korido nimeshika ufagio wa chelewa wakuu. Ufagio. Hiyo picha haitoki kichwani.

Ndugu tumekaa kikao baada ya arobaini wakasema bunduki nichukue mimi kwasababu ndo mtoto mkubwa wa kiume. Leseni ya mzee bado haijaisha muda. Swali langu, naweza kuja nayo Dar kwa hiyo leseni halafu nikabadilisha jina nikishafika? Na je kwa ulinzi wa nyumbani shotgun inafaa au bora nitafute bastola? Asanteni.

Kitasa_Cha_Chuma

Pole sana kaka kwa msiba na kwa shemeji. Mi nasema chukua, mwizi akisikia mlio mmoja tu mtaa mzima utalala kwa amani. Kipindi cha panya road, wale vijana wa mapanga, ile 2022 huku kwetu watu walikuwa wanalala na mapanga chini ya kitanda, bunduki ni haki yako we baba wa familia.

wakili_wa_wilayani

Mwana_wa_Kilosa pole kwa msiba, na naomba usome hapa taratibu kabla hujafanya chochote, usifuate huo ushauri wa hapo juu.

Leseni ya silaha ni ya mtu, siyo ya bunduki. Mzee alipofariki ile leseni ilikufa naye, haijalishi tarehe iliyoandikwa pale. Silaha hairithiwi kama shamba au ng'ombe kwamba ndugu mkikaa kikao mkakubaliana basi imekuwa yako. Mnachoweza kufanya ni kuiorodhesha kwenye mirathi kama mali ya marehemu, msimamizi wa mirathi anaikabidhi polisi, na yule mnayemtaka aimiliki anaomba leseni yake mwenyewe kuanzia mwanzo kama mtu mwingine yeyote. Akinyimwa, familia inatafuta mtu mwenye sifa wa kuinunua kwa utaratibu wa polisi au inabaki hukohuko serikalini.

Maana yake nini, maana yake hivi sasa mama yako amelala chumba kimoja na silaha ambayo hakuna mtu aliye hai mwenye leseni nayo. Sikutishi. Kumiliki silaha bila kibali kwa hapa kwetu kunaangukia kwenye sheria ya uhujumu uchumi, Sura ya 200, na toka marekebisho ya 2016 adhabu kwa makosa hayo ni kifungo cha miaka 20 hadi 30. Nimesimama mahakamani na wazee waliokutwa na gobole la babu yao, gobole la kutia baruti kwa mdomo, na ile hoja ya "niliachiwa na marehemu" haikuwasaidia kama walivyodhani. Nilitoka pale nikiwa naumwa moyo kabisa, mzee wa watu hajawahi kumwibia mtu hata kuku.

Na kuisafirisha ndo usiwaze kabisa. Basi linasimamishwa njiani mara ngapi kutoka Kilosa mpaka Kibamba? Ukisema upande treni ya SGR pale Kilosa mizigo inapita kwenye mashine. Utakamatwa na silaha ya marehemu, wewe huna leseni, na nia yako nzuri haitaandikwa kwenye hati ya mashtaka.

Mzee_Sajini

Wakili amemaliza sehemu kubwa. Mimi nimestaafu jeshi la polisi, nakaa Morogoro, naongezea ya utendaji.

Kijana wangu usiibebe hata kuipeleka kituoni. Nenda wewe na mwenyekiti wa kijiji au mtaa mpaka kwa OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya, chukua cheti cha kifo na ile bahasha ya mzee, mweleze. Atatuma askari waje kuichukua hapohapo nyumbani. Hakikisha wanahesabu risasi mbele yenu, wanaandika namba ya silaha inayosomeka kwenye chuma, na mnapewa hati ya makabidhiano yenye muhuri. Hiyo hati toa kopi tatu. Watu wengi wanakabidhi wanaondoka mikono mitupu, baada ya miaka miwili wanaulizwa silaha ya marehemu iko wapi hawana cha kuonyesha.

Halafu watu wanasubirigi msamaha utangazwe, kama ule wa Septemba na Oktoba 2023. Msamaha ulikuwa kwa ajili ya wanaomiliki kinyume cha sheria. Ninyi mna karatasi zote, mnasubiri nini?

Sasa kuhusu kuomba ya kwako. Sheria inayotumika ni ile ya mwaka 2015 ya udhibiti wa silaha na risasi. Lazima uwe umefika miaka 25, akili timamu, usiwe mlevi wala mtumia madawa, usiwe na rekodi ya uhalifu, na uwe umefundishwa ukapata cheti cha kwamba unaweza kutumia silaha. Unaandika barua ya maombi, inaanzia kwenye kamati ya ulinzi na usalama ya mtaa wako hapo Kibamba, wanaokufahamu, inakwenda kata, inakwenda kwa OCD, wilayani, mkoani, mpaka kwa msajili wa silaha. Kila ngazi inaweza kukuhoji. Watauliza kwanini unataka, unakaa na nani, utaihifadhi wapi, na mke wako anajua? Ndio, kuna wakati tulikuwa tunamwita mke. Mimi binafsi nilishamkatalia mtu mwenye pesa zake kwasababu mke wake alipoulizwa alianza kulia.

Si jambo la wiki mbili, na ukiipata unalipia upya kila mwaka.

dereva_wa_usiku

Mimi namiliki bastola mwaka wa saba huu, biashara yangu ina pesa taslimu kwahiyo niliomba na nikapewa, ngoja nikwambie maisha yake yalivyo manake hakuna mtu aliniambia mimi.

Kitu cha kwanza ni sefu. Lile la chuma linalofungwa kwa bolti ukutani au kwenye sakafu ya zege, sio kisanduku ambacho mwizi anabeba mkononi anaondoka nacho. Mwizi wa Dar akijua una silaha atakuja kutafuta silaha kwanza, hiyo ndo kitu watu hawaelewi. Kwahiyo hutakiwi kumwambia mtu, sio fundi, sio dada wa kazi, sio shemeji. Mimi mtaani wanaojua ni mwenyekiti na kamati tu.

Kitu cha pili pombe niliacha. Silaha na kilevi ni kosa kisheria, lakini hata ingekuwa sio kosa, nilijikuta kwenye sherehe nimeivaa kiunoni mtu kanikanyaga kanitukana nikahisi mkono wangu unashuka wenyewe. Nilitoka nje nikaingia kwenye gari nikarudi nyumbani. Toka siku hiyo sinywi.

Kitu cha tatu ndo kikubwa. Mwaka wa pili wa kumiliki, saa nane usiku nikasikia geti dogo linafunguliwa, linakwaruza hivi, halafu hatua kwenye korido ya nje. Nikafungua sefu, nikakaa nyuma ya mlango wa chumba, moyo unapiga mpaka nasikia masikioni. Kitasa kikazunguka. Nilikuwa nimeshaweka kidole kwenye kile kifyatulio wakuu. Nikapiga kelele nani! Akajibu "anko ni mimi". Mtoto wa dada yangu, miaka 16, alikuwa ametoroka kwenda kuangalia mpira. Sio kwamba nilipiga kelele kwasababu nilikuwa nimefundishwa vizuri, ni sauti ilitoka tu. Nilikaa chini sakafuni nikatetemeka mpaka adhana ya alfajiri.

Sikurudisha silaha ila nilirudi kwenye mafunzo, nikaanza upya. Ukiichukua, mtutu usielekee kwa mtu hata kama "haina kitu", kidole kinakaa nje mpaka umeshaamua, na humfyatulii mtu ambaye hujamwona uso. Na hapo kwenye korido yako yenye watoto wa miaka 9 na 4, shotgun inamwaga vigololi vingi vya risasi kwa wakati mmoja, ukuta wa jipsam hauzuii. Fikiria vyumba vyao viko upande gani.

mama_wawili

Mimi ni nesi, nimefanya miaka mingi kitengo cha dharura, sitasema wapi. Mwana_wa_Kilosa hujauliza kuhusu watoto lakini mimi ndo nimekaa na hilo tu toka nisome post yako. Wa miaka 4 anafungua kabati. Wa miaka 9 anajua funguo baba anaficha wapi, amini usiamini anajua, na anajua kitu kilichofichwa ni kitu kizuri. Nimepokea mtoto aliyepigwa na kaka yake kwa bunduki ya babu iliyokuwa nyuma ya mlango, walikuwa wanacheza. Yule kaka hakuongea siku tatu.

Ukiamua kumiliki, risasi zikae sehemu nyingine na silaha sehemu nyingine, zote zimefungwa. Nakuelewa kuhusu mkono wa wifi, naelewa kabisa, ila naomba leo hii umpigie mama yako aifunge hiyo kabati na wajukuu wasiingie chumba hicho mpaka polisi waje.

Kitasa_Cha_Chuma

Dada umenigusa. Nafuta nilichosema juu, sikufikiria watoto. Mwana_wa_Kilosa fuata ya wakili.

msasi_Mlele

Nichangie upande wa msituni kidogo. Mimi niko Katavi, nina bunduki ya kuwindia na ni starehe yangu kubwa hapa duniani, kutembea na mtutu alfajiri umande bado haujakauka ni kitu siwezi kukueleza. Lakini leseni ya bunduki haikupi ruhusa ya kupiga mnyama. Wenyeji tunachukua leseni ya uwindaji TAWA, ile mamlaka ya wanyamapori, imeandikwa mnyama gani, wangapi, eneo gani. Ukipiga nje ya hapo we ni jangili tu hata kama bunduki ni halali. Kwahiyo usidhani ukimiliki utakuwa unaenda wikiendi kupiga kanga unavyotaka kama enzi za mzee.

Na ya nyumbani kusema kweli mimi sijawahi kulala nayo karibu. Nina mbwa watatu. Mbwa anaamka kabla yako, na mwizi akiamshiwa taa na mbwa wakati bado yuko getini huwa anahama. Ukiamka wewe wakati wameshafika korido umeshachelewa, uwe na bunduki usiwe nayo.

wakili_wa_wilayani

Hapo msasi kasema kweli. Na kuhusu kumpiga mtu risasi ndani kwako, Kanuni ya Adhabu kifungu cha 18 na vinavyofuata inakupa haki ya kujilinda wewe, mwingine na mali, lakini nguvu utakayotumia ipimwe na hatari iliyopo. Kundi limekuja na mapanga limemkata mkeo ni habari moja. Kijana amebeba mtungi wa gesi anakimbia kuelekea getini, umempiga mgongoni, hapo utajibu mauaji.

mwana_wa_Kilosa

Wakuu nimesoma zote, zingine mara mbili. Ya anko na ile ya babu nyuma ya mlango nimemsomea mke wangu kwa sauti tukanyamaza muda mrefu.

Nimempigia mama jana usiku, kabati limefungwa na funguo anazo yeye kwenye kanga yake. Leo asubuhi nimeongea na mwenyekiti wa kijiji, Jumatatu naenda Kilosa tunaenda wote kwa OCD na cheti cha kifo. Mdogo wangu amelalamika kidogo, anasema bunduki ya mzee ndo kumbukumbu pekee. Nimemwambia kumbukumbu ya mzee ni lile shamba.

Kuhusu kuomba ya kwangu bado sijaamua. Mke anasema tumalize kwanza taa za nje na geti, na tuingie kwenye ulinzi shirikishi wa mtaa ambao kweli nilikuwa natoa hela tu sitokei. Mzee_Sajini nikishapata ile hati nitarudi hapa kukuuliza kama imekaa sawa. Msasi, mbwa unawapata wapi wakiwa wadogo?

msasi_Mlele

Njoo inbox kaka. Jike langu limezaa wiki iliyopita.