Naomba ushauri: kibadilisha gia cha mbele cha baiskeli, cha bangili (pete inayokaza kuzunguka bomba) au cha kishikizo (kipande kidogo kilichounganishwa kwenye fremu)?
Ndugu zangu, habari za leo. Nina fremu ya baiskeli ya chuma ya mtumba ambayo bomba lake la kiti, nilipolipima kwa kalipa, lina kipenyo cha milimita 28.6, na halina kishikizo cha kufungia kibadilisha gia cha mbele. Kibadilishaji nilicho nacho, ambacho bado ni kizima, ni cha kufungwa kwa boliti moja kwenye kishikizo. Fundi wangu anataka kuchomelea kishikizo kwenye fremu, lakini nahofia moto utadhoofisha bomba lile jembamba, rangi iungue, na kikikaa vibaya hakihamishiki tena. Je, ninunue bangili ya kuunganishia yenye kishikizo chake, au kibadilishaji kingine chenye bangili yake? Bangili ya milimita 31.8 niliyoijaza kipande cha mpira iliteleza kila nilipopandisha mnyororo kwenye gia kubwa.