Naomba ushauri: uvimbe wa ajabu kwenye adrenali ya panya wa kontro

Wakuu heshima kwenu, naombeni mawazo. Niko kwenye jaribio la miaka 2 la panya weupe, sasa jana napasua dume mmoja wa kundi la kontro, yaani huyu hajaonja dawa yoyote, nakuta adrenali (tezi ya juu ya figo) ya kushoto imevimba kama harage wakati ya kulia iko vile vile ndogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Kuikata, katikati damu tupu. Najua feokromosaitoma (uvimbe wa seli za medula, yaani sehemu ya ndani ya adrenali) kwa madume wazee siyo ajabu sana, ila kwenye hadubini naona seli za medula zimechanganyikana na seli kubwa za neva na nyuzinyuzi kibao, hapo ndo nikachoka. Hii niiite feokromosaitoma changamano (iliyochanganyika na seli za neva) au ganglionyuroma (uvimbe wa seli za neva na nyuzi zake tu)? Nawaza nipake rangi kwa kingamwili za kromogranini A na sinaptofizini (protini za seli za medula na za neva), ila tishu imebaki kiduchu (kosa langu, nilikata vipande vinene). Bosi anasema andika tu "uvimbe" yaishe, mi sikubali, maana kundi la dawa likitoa mmoja kama huyu tutalinganisha na nini? Aliyewahi kukutana nayo aniambie nianzie wapi.