Nimeshusha mchoro wa bodi ya saketi, spea za huku haziingii. Nirekebishe vipi?

Kijana wa Kibirizi

Shikamooni wakubwa, na wenzangu mambo vipi.

Niko Kigoma, Kibirizi. Mjomba wangu ana mtumbwi wa dagaa, na siku hizi wanawasha taa za LED za betri badala ya karabai. Tabu ni moja: vijana wakiwa ziwani wanaikamua betri mpaka tone la mwisho, na betri ya asidi ukiinyonya hivyo mara chache tu ndiyo basi tena, haishiki chaji. Nikasema nimtengenezee kidude cha kukata taa betri ikishuka hadi volti 11.5.

Nimepata mchoro wa bodi mtandaoni, ni PDF, shaba upande mmoja. Ndani kuna aisii LM358 (ya miguu minane, ndiyo inayolinganisha volti), zena ya volti 5.1 (inashikilia volti ya kulinganishia), transista BC547 (ya kuiwasha rilei) na rilei yenyewe (swichi inayovutwa na sumaku ya umeme). Aliyechora kachora vizuri, ila spea zake si za huku. Rilei niliyopata kwa fundi redio pale Mwanga ni ile ya bluu, Songle ya volti 12, na miguu yake haikai kwenye matundu ya mchoro. BC547 hakuna, zipo C945 za kung'oa kwenye redio mbovu. LM358 nayo hakuna, nimepewa LM393, nikaambiwa miguu ni ileile.

Bodi ya kwanza nimeshaipiga pasi ili mchoro uhame toka karatasini kwenda kwenye shaba, nikaiosha kwenye dawa inayokula shaba isiyofunikwa. Imetoka kinyumenyume kama inajitazama kwenye kioo, na aisii haikuingia hata kwa nguvu. Niendelee kuichezea hii PDF au nichore upya? Programu za kuchorea bodi sijawahi kuzigusa. Taa ni nne, wati 12 kila moja.

Solda Moto

Mkuu pole, hiyo ya kioo kila mtu kapitia. Kanuni yake: maandishi yakisomeka vizuri kwenye karatasi, kwenye shaba yatatoka kinyume, kwa sababu unaifunika karatasi kifudifudi. Kwa hiyo kwenye karatasi yatakiwa yasomeke kinyume. Weka herufi moja tu pembeni ya mchoro, hata R, ikutunzie kumbukumbu.

Aisii kutoingia ni steshenari hao. Wanabonyeza ile ya "jaza ukurasa" na mchoro unasinyaa. Waambie asilimia 100, halafu chora mstari wa sentimita 10 pembeni ya mchoro uupime kwa rula kabla hujalipa. Usiupime kwa macho. Aisii ya miguu minane ina milimita 2.54 kutoka mguu hadi mguu, ukipungukiwa kidogo kidogo ukifika mguu wa nne umeshapotea.

Mpenda Vya Bure

Vidude hivyo vimejaa Kariakoo vikiwa tayari, unapokea kwa basi. Unajitesa nini?

Kijana wa Kibirizi

Najua vipo kaka. Ila kikifa usiku nataka nijue nashika wapi.

Dada wa Saketi

Mdogo wangu, kabla hujahamisha hata njia moja ya shaba, tulia kwanza kwenye hizo spea mbili ulizopewa. Hapo ndipo utakapoungua.

Shika transista, uso bapa ukutazame, miguu chini. BC547 kutoka kushoto ni kolekta, besi, emita. C945 ni emita, kolekta, besi. Kuigeuza tu haisaidii, maana besi ya moja iko katikati na ya nyingine iko mwisho. Ukiitia kwenye matundu ya BC547 lazima upishanishe miguu, na miguu ikipishana bila kuvishwa mpira itagusana siku mtumbwi ukirushwa na wimbi. Kama unachora upya, panga matundu kwa mpangilio wa C945 na uandike jina lake kwenye bodi. Mkondo hauna shida, koili ya hiyo rilei (waya wake wa sumaku) inakula kama miliampea 30 tu.

Sasa LM393. Aliyekuambia miguu ni ileile hajakudanganya, ila kakuambia nusu. LM358 ikitaka kutoa juu inasukuma yenyewe. LM393 inajua kuvuta chini tu, juu inaachia. Bila resista (spea ya kupunguza mkondo) ya kuipandisha, kama 4.7k yaani omu 4,700, kutoka mguu wa 1 kwenda chanya, transista haitapata kitu na rilei haitawaka milele. Utabadilisha spea zote ukidhani mbovu. Mimi ningetafuta LM358. Fungua vidhibiti chaji vya sola vilivyoungua, mara nyingi hukosi moja.

Mzee Tabora

Nawasalimu kutoka Tabora. Kijana, ulichouliza hasa ni kuhariri au kuchora upya. Jibu langu: chora upya, lakini si bodi. Chora saketi kwanza.

Chukua hiyo PDF, kaa na penseli, fuata kila njia ya shaba toka mguu hadi mguu, uandike kwenye daftari nani kaungana na nani. Jioni moja inatosha, vitu vyenyewe havifiki ishirini. Ukiijua saketi, bodi ya yule bwana inabaki kuwa mfano tu. Wanaohariri picha ya shaba bila kuijua saketi wanasogeza tundu la rilei huku wanakata njia ya zena kule, na hawajui.

Kisha ingia KiCad, programu ya kuchorea bodi, ni ya bure. Weka saketi yako humo, halafu nenda upande wa bodi. Kila unganisho ambalo hujalivuta litaonekana kama uzi mwembamba, huwezi kulisahau. Kuanzia toleo la 7 unaweza hata kuiweka picha ya mchoro wa zamani chini ya kazi yako ukaigiza mpangilio wake. Rilei usiiamini kwa macho. Ibonyeze miguu juu ya karatasi, pima alama. Hiyo ya bluu ina miguu mitatu upande mmoja, wa katikati ndio wa pamoja na wawili wa pembeni ni koili. Mita ikikuonyesha kama omu 400, umeipata koili.

Taa nne za wati 12 ni wati 48, sawa na ampea 4. Kwa shaba ya kawaida ya mikroni 35, ampea 4 zinataka njia ya milimita 2 hivi, na mimi ningeweka 3 kisha nipake risasi ya kuchomelea juu yake. Lakini ni njia mbili tu zenye mzigo huo, ya kuingia kwenye rilei na ya kutoka. Hasi ya taa usiipitishe kwenye bodi kabisa, ipeleke moja kwa moja kwenye betri. Fyuzi ikae karibu na betri, si karibu na taa.

Swali moja: kwenye mchoro wako kuna resista inayotoka mguu wa 1 wa aisii kurudi mguu wa 3?

Kijana wa Kibirizi

Nimefuatilia kwa penseli kama ulivyosema mzee. Haipo. Mguu wa 2 uko kwenye zena. Mguu wa 3 uko kwenye potenshometa (resista ya kuzungusha) ya 5k, juu yake kuna 10k na chini 8.2k. Mguu wa 1 unakwenda kwenye besi basi.

Mzee Tabora

Nilihofia hivyo. Ungeimaliza kama ilivyo, ikifika 11.5 rilei ingekata taa, betri ikitulizwa mzigo volti zinapanda zenyewe, rilei ingewasha, volti zingeshuka, ingekata. Ingegonga ta-ta-ta kama cherehani mpaka midomo yake iungue. Inatakiwa pengo kati ya volti ya kukata na volti ya kurudisha.

Resista moja ya 120k kutoka mguu wa 1 hadi mguu wa 3 inakupa pengo la volti 1 hivi kwa hizo namba zako. Na hapa huhitaji kubadili mchoro hata kidogo: miguu hiyo iko upande mmoja wa aisii, wa 2 uko katikati yao. Geuza bodi, simamisha resista juu ya shaba, vika mguu wake mpira ili usiguse namba 2, gusa risasi huku na huku. Hesabu hiyo ni ya LM358. Kwa LM393 pengo litapungua.

Solda Moto

Mzee umemaliza. Nyongeza: ile dawa inayokula shaba ikichoka usiimwage ziwani. Ziwa lina kina cha mita 1,470 lakini dagaa unaowatafuta wako hapo juu, na shaba iliyoyeyuka ni sumu kwa samaki.

Kijana wa Kibirizi

Nimerudi wakuu, siku kumi na mbili baadaye.

LM358 nimeing'oa kwenye kidhibiti cha sola cha jirani. KiCad imenitoa jasho siku tatu, siku mbili zote niligombana na rilei tu, kumbe nilipima alama za karatasi kutoka upande wa juu badala ya chini. Nimechora upya kwa C945, njia mbili za milimita 3, ile 120k nimeiwekea matundu yake. Herufi R imesomeka sawasawa kwenye shaba.

Nimejaribu na betri ya pikipiki na taa moja. Imekata kwenye 11.5. Betri ikapanda yenyewe mpaka 12.1 na rilei ikabaki kimya, haikugonga. Nikaweka chaji, ikarudi kwenye 12.6. Nilipiga kelele mpaka mama akatoka jikoni.

Sasa mjomba kaishika, kaizungusha, kaniuliza: "Hiki kikizima taa zote tukiwa katikati ya ziwa, tunarudi na nini?"

Dada wa Saketi

Mjomba wako ndiye fundi humu. Taa moja ndogo iunge moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi yake na swichi yake, isipitie rilei. Hiyo ndiyo ya kurudia nyumbani.

Kijana wa Kibirizi

Naenda kutafuta swichi.