Mkufunzi wa kuzamia: mwenye mbizi 3,000 za Zanzibar au huyu wa ziwani?

Sato_Igombe: Wakuu, Jumatatu natakiwa nitoe kianzio. Kuna wakufunzi wawili wa kuzamia kwa mtungi. Mmoja yuko Zanzibar, ana mbizi zaidi ya 3,000 na kadi ya PADI (shirika la kimataifa la mafunzo ya kuzamia), anataka milioni 1.3. Mwingine yuko hapa Mwanza, mbizi kama 150, karibu zote za ziwani, laki 6 tu. Nimchukue yupi?

Kirumba_Mwaloni: Umetupa bei, mengine umeficha mfukoni. Anayejifunza nani? Anakwenda kutazama samaki au kuna kazi? Kuogelea anajua?

Mama_Vizimba: Na huyo wa 150 ana kadi ya kufundisha au ni mzamiaji tu? PADI wanataka mbizi 100 kabla ya mtihani wa ukufunzi, kwa hiyo 150 si haba, ila kuzamia ni kitu kimoja na kufundisha kingine.

Sato_Igombe: Samahanini. Ni mpwa wangu, miaka 22. Nina vizimba sita vya kufugia samaki ziwani, nyavu za chini zinatoboka na mafundi wa kukodi wananimaliza. Kadi ya huyo wa hapa sijaiona, nimeona picha zake na mitungi.

Baharia_Mstaafu: Picha na mitungi hata mimi ninazo. Zanzibar! Mbizi 3,000 si mchezo.

Kayenze_Boy: Shikamoo mzee, ila hapo sikubali. Mwaka juzi injini ya boti yetu ilidondoka, kina mita saba hivi. Tukaleta mkufunzi wa pwani, mbizi zake hazihesabiki, nami na kadi yangu changa nikashuka naye. Mita ya tatu mwanga ukaisha. Geji ya hewa nilikuwa naibandika kwenye miwani ndipo nisome. Jamaa amezoea kuongea kwa vidole, sasa vidole nani avione? Hakuja na kamba ya kushikana wala kisu. Nikahisi navutwa kisogoni: wavu wa timba (ule wa uzi wa plastiki) uliotelekezwa umenasa valvu ya mtungi. Kila nikigeuka unajisokota zaidi. Yeye kapanda juu kutafuta mapovu yangu, na ziwa limechafuka. Aliyenitoa ni mvuvi, kashuka kwa pumzi zake akifuata kamba ya nanga, kisu cha kupaa samaki mdomoni. Mtungi ulibaki baa 30, hewa karibu iishe. Injini iko huko huko mpaka leo.

Baharia_Mstaafu: Marahaba. Huyo alikuwa mzembe, usiisingizie bahari.

Kayenze_Boy: Sawa mzee, lakini mwulize huyo wa 3,000 ni ngapi amepiga akiwa haoni kiganja chake. Mbizi elfu kwenye mwamba ule ule wa matumbawe ni mbizi moja aliyoirudia.

Mama_Vizimba: Tena ziwa letu liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Kuanzia mwinuko wa mita 300 mahesabu ya kuzamia yanabadilika. Na maji baridi yanahitaji risasi (vile vyuma vya uzito) pungufu kiunoni kuliko ya chumvi. Akisoma Zanzibar, arudi apige mbizi za mazoezi hapa na mtu anayeyajua hayo. Na asipande ndege siku aliyozamia, asubiri saa 18 au zaidi.

Fundi_Gereji: Mnamtisha bure. Kompresa ya kujazia tairi, mpira mrefu, kazi imeisha.

Mama_Vizimba: Fundi, ukivuta moshi wa injini na mvuke wa oili ukiwa chini ya maji nani atakupandisha? Futa hiyo kabla mtoto wa watu hajaisoma.

Kirumba_Mwaloni: Halafu kadi ya mwanzo ni ya matembezi, mwisho mita 18 na mwenzako ubavuni. Kushona nyavu chini ya maji ni kazi nyingine kabisa. Na swali langu la kuogelea limerukwa.

Sato_Igombe: Anaogelea kiasi. Ya ufukweni.

Kirumba_Mwaloni: 😂 Ya ufukweni!

Baharia_Mstaafu: Ampeleke akapimwe masikio na kifua kwanza.

Fundi_Gereji: Na kichocho je?

Mama_Vizimba: Hicho huenda anacho tayari kama amekulia Igombe, kando ya ziwa. Dawa zipo, apime.

Dagaa_Mkavu: Mtoa mada, vizimba sita si haba. Sato wa nusu kilo unatoa bei gani ukichukuliwa jumla?

Sato_Igombe: Njoo inbox mkuu.