Alnwick, Highclere au Doune: mtembeza wageni wa Bagamoyo aende ipi?

MwanaKaole:
Wakuu, salaam. Kazi yangu ni kutembeza wageni hapa Bagamoyo: Ngome Kongwe, Boma la Wajerumani, magofu ya Kaole. Mwezi wa tisa naenda Edinburgh kwenye harusi ya dada yangu, na katika siku zote hizo moja tu ndiyo yangu. Nataka kuiona ngome iliyochezewa filamu, nijue wenzetu wanaisimuliaje. Zimebaki tatu: Alnwick, Highclere na Doune. Aliyefika anisaidie.

BintiDunda:
Kaka, Alnwick. Nilikwenda na wanangu. Uwanja wake wa nje ndipo Harry Potter alipojifunza kupaa na ufagio, ile filamu ya kwanza ya 2001, na watoto wanafundishwa pale pale, kila mmoja na ufagio wake. Wangu hawakutaka kuondoka. Ukoo wa Percy unaimiliki tangu 1309 na bado wanaishi humo. Toka Edinburgh unapanda treni hadi Alnmouth, kama saa moja, halafu basi. Ila vyumba vya ndani huruhusiwi kupiga picha.

MsafiriWinde:
Highclere ni kasri, si ngome. Mchoro wake ni wa Charles Barry, yule yule aliyechora jengo la Bunge la London. Kama unaipenda tamthilia ya Downton Abbey utafurahi, ila usiulizie jiko la wale watumishi: lilijengwa studio, Ealing huko London. Tena liko kusini kabisa, na milango yake hufunguliwa siku chache za mwaka, nyingi za kiangazi. Kwa siku moja, liache.

MzeeWaMagomeni:
Mwanangu, nenda Doune.

Jiulize wageni wako unawaonyesha nini. Mawe. Ngome yetu ilianza mnamo 1860 kama nyumba ya mfanyabiashara Mwarabu. Leo ukiingia hukuti kitanda wala zulia, ni kuta na ngazi. Kaole ni msikiti wa karne ya 13 usio na paa, na makaburi yenye nguzo. Alnwick na Highclere zimejaa samani na picha za ukutani, mgeni anaangaza macho mwenyewe hata mtembezaji akinyamaza. Doune iko kama sisi. Aliyeijenga ni Robert Stewart, mwenye cheo cha Duke wa Albany, mwishoni mwa karne ya 14, na vyumba vyake ni vitupu. Kinachovijaza ni maneno.

Mwaka 1974 walifika pale kina Monty Python, kundi la wachekeshaji wa Uingereza, kushuti filamu yao ya Mfalme Arthur iliyotoka 1975. Walikuwa wametegemea ngome kadhaa za Scotland, ruhusa ikaondolewa, wakabaki na Doune. Wakaigeuza ngome tofauti tofauti kwa kuhamisha kamera: ukumbi huu wa Camelot, makao ya Arthur, ukuta ule ngome ya Wafaransa. Mgeni leo anapewa kifaa cha kusikiliza, na sauti ya Terry Jones, mmoja wa waongozaji wawili wa filamu hiyo, inampitisha toka chumba hadi chumba. Baadaye ua ule ule ukawa ngome ya Castle Leoch katika tamthilia ya Outlander, na mwigizaji wake Sam Heughan naye akaongeza sauti yake.

Hilo ndilo ukajifunze, namna ya kumsimamisha mtu mahali penyewe kabla hujafungua mdomo. Sisi Kaole tunamwacha mgeni kwenye jua la saa saba tunammwagia miaka.

BintiDunda:
Shikamoo mzee. Nimekuelewa, ila kuna jambo linanisumbua. Wanangu ufagio wanaujua, Percy hawamjui. Bagamoyo ndiko njia ya misafara ilikoishia. Watu waliletwa hapa na minyororo shingoni, na pembe za ndovu mabegani. Siku muvi kubwa ikishutiwa Ngome Kongwe, mgeni atamuulizia mwigizaji.

MzeeWaMagomeni:
Marahaba binti yangu. Hata mimi naliogopa hilo. Ningekuwa natembeza, ningeanza na wale wa minyororo, tena kwa utulivu, bila haraka. Muvi ningeitaja mlangoni tukiagana.

MsafiriWinde:
Naungana na mzee. Treni ya Edinburgh hadi Stirling haifiki saa moja, kisha basi la Doune. Ngazi za mle ndani ni nyembamba na za kuzunguka, vaa kiatu kinachoshika. Picha unapiga.

MwanaKaole:
Nashukuruni sana. Nimeshamwambia dada kuwa Jumanne asinihesabu. Nitapiga picha ya kila mahali wanapomsimamisha mgeni, nizilete hapa. Na mzee, nikirudi naomba twende wote Kaole, asubuhi, unionyeshe wewe ungemsimamisha wapi.