Nataka kumwaga oili ya IST mwenyewe kwa mara ya kwanza, naombeni mwongozo

Mama_Kihonda:
Habari za jioni wakuu. Nina Toyota IST ya cc 1300, injini 2NZ, otomatiki. Naitumia Kihonda hadi Moro mjini kila siku, na mwisho wa mwezi naenda Dakawa kwa mama. Kila kilomita 5,000 huwa naipeleka gereji.

Safari iliyopita nilinunua filta mwenyewe nikamkabidhi fundi ikiwa ndani ya boksi lake. Ile ya zamani nilikuwa nimeipaka doti ya rangi ya kucha. Niliporudi nyumbani nikamulika chini kwa tochi ya simu: doti yangu ile pale. Sitaki ugomvi na mtu, nataka kuijua kazi hii niifanye kwa mikono yangu.

Nina jeki iliyokuja na gari, spana za ringi na dumu la oili la lita 4. Nikichungulia chini naona bolti mbili za kumwagia, sijui ipi ni ya injini. Halafu inakazwa kiasi gani? Fundi alikuwa anaweka 20W-50, muuzaji wa Msamvu ananiambia 5W-30, nimsikilize nani? Na oili chafu niimwage wapi? Nyuma ya nyumba kuna mtaro unaoteremka hadi mto Ngerengere, majirani wote wanamwaga humo.

Fundi_Pasiansi:
Dada yangu, pole kwa filta. Kazi hii unaiweza kabisa.

Naanza na jeki, maana hapo ndipo watu wanapoteza maisha. Hiyo uliyonayo ni ya kubadilishia tairi tu. Usiingize hata mkono chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Tafuta stendi mbili za chuma, uziweke pale kwenye alama za kunyanyulia, ukingo wa chini ya milango, juu ya sakafu ngumu. Udongo wa uani hapana. Gia iwe P, hendibreki juu, mawe makubwa kwenye tairi za nyuma pande zote mbili. Tofali la saruji usilitumie hata kwa dakika moja: hupasuka ghafla bila dalili yoyote. Ukikosa stendi, nenda gereji yenye shimo, uwaombe wakukodishe shimo, kazi ufanye wewe.

Washa injini dakika tano hivi ili oili ipate joto na ishuke vizuri, kisha zima. Isiwe ya kuunguza. Legeza kifuniko cha kujazia oili juu ya injini, halafu shuka chini.

Bolti ya oili ya injini ina kichwa cha nje cha namba 14. Ya giaboksi huwa na tundu la pembe sita katikati, inataka ufunguo wa L. Hili lizingatie sana. Nimepokea magari mengi yaliyomwagwa oili ya giaboksi, kisha injini ikajazwa oili mpya juu ya ile ya zamani. Ukiona kinachotoka ni chekundu au cha rangi ya waridi, simama hapohapo, rudisha bolti, uje hapa uulize kabla ya kuwasha gari.

Tumia soketi au ringi, spana mdomo wazi itakula kichwa cha bolti. Ikilegea, malizia kwa vidole huku unaisukuma juu, kisha ivute pembeni haraka, maana oili inaruka mbali kuliko unavyodhani. Beseni liwe pana. Acha ichuruzike mpaka ibaki matone.

Kwenye bolti kuna wosha. Weka mpya, bei yake ni ndogo na ndiyo inayozuia kuvuja. Rudisha bolti kwa vidole mpaka iguse. Ikigoma mapema ujue imeingia upande, itoe uanze upya. Kukaza ni Nm 37 hivi kama una spana ya kupimia nguvu. Kama huna, shika spana fupi kwa mkono mmoja, kaza hadi igome, ongeza kidogo tu, acha. Bomba la kurefushia mpini usiliguse. Nyuzi za sampu, yaani beseni la oili chini ya injini, zikishaliwa, bolti haitashika tena, na hapo unaongelea gharama nyingine kabisa.

Sasa filta, ambayo ndiyo imekuleta hapa. Ikigoma, tumia mkanda wa kufungulia. Ukishaitoa, itazame juu: mpira wake umetoka nao? Mara nyingi mpira wa zamani unabaki umenata kwenye injini, mtu anafunga mpya juu yake, na mipira miwili haishiki. Gari linatembea kidogo, oili yote inamwagika barabarani, injini inakufa. Pitisha kidole pale pote, ufute kwa kitambaa safi. Paka oili mpya kwenye mpira wa filta mpya, funga kwa mkono hadi iguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Kwa mkono tu.

Injini yako inachukua lita 3.7 ukibadilisha na filta. Mimina kama lita tatu na nusu, funga, washa. Taa ya oili izimike ndani ya sekunde chache. Isipozimika, zima injini. Ikizimika, iache ingurume kidogo, chungulia chini kama kuna tone, zima. Gari likishakuwa sawa chini, subiri dakika tano, pima kwa kijiti, ongeza kidogokidogo hadi karibu na alama ya juu. Usiivuke.

Oili weka 5W-30.

Zakhem_Noah:
Fundi, hapo kwenye 5W-30 tusidanganyane. Kwa joto letu hiyo ni nyepesi mno. Noah yangu inakula namba 40 miaka yote na haijawahi kunisumbua.

Fundi_Pasiansi:
Mkuu, Noah yako ya zamani nadhani ina injini 3S, haina VVT-i, yaani mfumo wa kurekebisha muda wa valvu kufunguka. Inavumilia. Ya dada ina VVT-i, na mfumo huo unasukumwa na oili yenyewe kupitia njia nyembamba na kichujio kidogo. Oili nzito inachelewa kufika, hasa asubuhi injini ikiwa baridi, na dakika hizo za kwanza ndizo zinazokula vyuma. Joto la nje lisikutishe, injini ya Moro na ya Japani zote zinafanya kazi kwenye nyuzi 90 hivi, rejeta ndiyo kazi yake.

Nakubaliana nawe kwa injini iliyochoka inayotoa moshi wa bluu, wengine huipandisha uzito. Dada, kwa kuwa unatoka 20W-50, pima kijiti kila wiki mwezi wa kwanza. Kikishuka sana, tuambie. Kwenye dumu tafuta maandishi ya API, yaani daraja la ubora wa oili: SL au ya baada yake, kama SN na SP. Na dumu likiisha litoboe kabla ya kulitupa, maana madumu mazima ndiyo yanayojazwa oili feki.

Mlandizi_Kwetu:
Naomba nijibu la mtaro. Mama, Ngerengere inaingia Ruvu, na Ruvu ndiyo inayochotwa maji ya kunywa huku Mlandizi, Kibaha na sehemu kubwa ya Dar. Tafadhali usimwage humo, hata kama mtaa wote unafanya. Oili iliyotumika ina masizi, chembe ndogo za vyuma na kemikali zinazosababisha kansa. Vaa glavu unapoishika.

Irudishe kwenye dumu uliloinunulia, funga vizuri, peleka gereji kubwa yenye pipa la kukusanyia. Kuna watu wanapita kuinunua ikiwa pipa zima. Filta ya zamani igeuze juu chini ichuruzike usiku kucha kwanza.

Zakhem_Noah:
Si apake nguzo za uzio tu? Mchwa hawagusi.

Mlandizi_Kwetu:
Mchwa hawagusi kweli, lakini mvua ikinyesha inashuka kwenye udongo, na watu wengi wana mchicha hapo chini ya uzio, na kuku wanadonoa hapohapo. Kwa nguzo kuna dawa ya mbao dukani.

Mama_Kihonda:
Wakuu, nimemaliza Jumamosi. Stendi niliazima kwa fundi wa bodaboda jirani. Mpira wa filta ulikuwa umebaki kwenye injini kama alivyosema Fundi, nimeubandua kwa kucha. Hakuna tone. Dumu chafu limepokewa gereji moja huku Msamvu.

Swali moja: leo nimepima, kiwango kiko sawa ila oili imeshaanza kuwa na weusi, na haijafika hata wiki. Ni feki?

Fundi_Pasiansi:
Hongera sana dada. Hapana, weusi peke yake si dalili ya feki. Oili ya zamani kiasi hubaki kwenye njia za injini, na oili nzuri ina sabuni inayosafisha masizi, kwa hiyo lazima ichafuke yenyewe. Cha kuogopa ni rangi ya chai ya maziwa kwenye kijiti au chini ya kifuniko. Hapo maji ya rejeta yanaweza kuwa yameingia kwenye oili. Usiwashe tena, ita fundi aje na gari la kuvuta.